Dada Hajapumzika, Kapumzishwa

Dada yangu alikufa Ijumaa mchana, kwenye simu. Nyumbani Jang'ombe alikuwa mzima, anakanda unga wa chapati, na kwa alivyokuwa akiupiga ule unga, kama kuna aliyekaribia kufa siku ile basi ni unga.

Naandika haya na hasira zangu, nasema mapema msije mkanilaumu katikati. Mwalimu wetu wa Kiswahili skuli anasema kumbukumbu huandikwa moyo ukishapoa. Moyo wangu haujapoa na sioni kwa nini niungoje. Waliomfanyia dada yale hawakungoja hata chai yake ipoe.

Dada alikuwa mhariri na msomaji wa habari katika kituo kimoja cha mtandaoni. Vile vituo visivyo na mnara wala antena, vina simu, taa ya duara na mtu wa kukuomba ubonyeze kengele. Ofisi yao ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake za mbao zimesimama wima kama zina haraka ya kukufikisha mbinguni. Habari zikiandikwa na wenzake, zinapita kwake. Ananyoosha Kiswahili, anatoa upuuzi, kisha anaingia katika kijichumba kilichobandikwa sponji ukutani na kuzisoma. Karafuu bei gani, maji yamekatika wapi, nani kazikwa wapi. Mtaani kwetu watu hawakuwa wakisema wameangalia habari. Walisema, "Nimemsikia mtoto wa jirani."

Na ile sauti ina mwenyewe. Mwenyewe ni bibi. Bibi amesomesha chuo cha Kurani barazani kwetu tangu mama yangu hajaota meno, na dada ndiye mjukuu wake wa kwanza kumtia mkononi. Kwa bibi, mtoto anayechanganya dhali na ze hajashiba, hata kama amekula sahani mbili. "Toa ulimi nje kidogo," huwaambia watoto. "Sema dhahabu. Usiniambie zahabu, zahabu haivaliki." Mimi ulimi wangu umetolewa nje mpaka umezoea huko huko, ndiyo maana skuli wananiona sina adabu.

Basi dada akisoma "Waziri wa Fedha" kwenye simu, bibi alikuwa akifumba macho, ulimi wake nao unachungulia nje kidogo, kama anamsaidia kubeba.

Kabla ya hayo yote kutokea, kuna kipindi dada alikuwa akirudi kazini sauti imemkauka. Bibi akimchemshia tangawizi na asali. Nikamuuliza siku moja, huko wanakusomesha Kurani nzima?

"Upuuzi mtupu," akasema. "Leo kutwa nasoma baba, bata, beba, bibi. Halafu nikaambiwa nicheke. Halafu niseme karibu kama nimefurahi, karibu kama nimechoka, karibu kama nauza kitu."

"Wanakupima wazimu?"

"Ndiyo. Na nakaribia kufaulu."

Meneja alimwambia ni kumbukumbu ya ofisi. Dada si mtu wa kuuliza mara mbili, na kazi ni kazi. Akasoma. Akacheka alipoambiwa acheke.

Ikaja Alkhamisi. Asubuhi, tumekaa na chai na mkate wa boflo, dada kishavaa buibui, mkoba begani. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaweka kikombe chini.

"Nimetolewa," akasema.

Mama akauliza, "Umetolewa wapi?"

"Kwenye kundi la kazini. La simuni."

"Labda umebonyeza vibaya. Nipe miwani."

Kabla miwani haijafika ukaingia ujumbe wa meneja. Dada akausoma kwa sauti yake ile ile ya habari, sijui kwa nini, nadhani ulimi ulizoea. Kwamba kutokana na kujipanga upya kwa kituo, uongozi umeamua kumpumzisha kuanzia leo, na wanamtakia kila la kheri. Mwisho wa ujumbe kidole gumba kimesimama.

Kujipanga upya! Sisi Idi ikikaribia hujipanga upya pia. Tunahamisha kabati, tunageuza zulia, tunagombana juu ya pazia. Hatujawahi hata siku moja kumtupa bibi nje.

Dada hakulia. Alivua buibui, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akamaliza chai yake. Mimi nilikuwa na mizaha mitatu mdomoni na yote nikaimeza, jambo ambalo mama alilitaja baadaye kama dalili ya homa.

Ila lile neno, kupumzisha, niliondoka nalo mpaka skuli. Na kama vile wameambizana, mwalimu siku ile alikuwa anafundisha mnyambuliko wa vitenzi. Pumzika, pumzisha, pumzishwa. Pumzika unajipumzikia mwenyewe, miguu juu, feni inazunguka. Pumzishwa ni mwenzako anakupumzisha na wewe hukuomba. Mwalimu akataka mifano mingine ya namna hiyo. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Dada yangu kasomeshwa bata, kachekeshwa, kisha kapumzishwa." Darasa likacheka. Mwalimu akasema mfano sahihi lakini nimeutoa kwa sura mbaya. Sura ndiyo niliyokuwa nayo siku ile.

Ijumaa ndiyo akafa.

Mambo yalikuwa hivi. Dada hakupumzishwa peke yake. Wapiga picha walipumzishwa, mtengeneza matangazo kapumzishwa, kituo kimebaki na meneja, kijana mmoja msomaji wa michezo, na kompyuta. Meneja akataka kuwaaga watazamaji kwa niaba ya dada, maana watu wangeuliza yuko wapi. Tangazo akaiachia kompyuta iandike. Na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyasoma matangazo kabla hayajatoka, kuona kama yamekaa sawa, ndiye huyo huyo aliyekuwa kwetu anakanda unga.

Likatoka baada ya sala ya Ijumaa. Picha ya dada, nyeusi na nyeupe. Chini yake mwaka alioanza kazi, kistari, na mwaka huu. Na maneno haya:

"Kwa masikitiko makubwa tunawaarifu wapenzi wetu kwamba msomaji wetu kipenzi amepumzika. Ametutangulia katika safari mpya. Daima tutamkumbuka."

Kwetu sisi, mtu akisemwa amepumzika na hakikutajwa kitanda, watu huuliza anasaliwa msikiti gani. Na kwa kile kistari chao, dada alifariki na umri wa miaka michache, hata chuo hajaanza, lakini nani aliangalia kistari? Chini ya lile tangazo watu walikwisha anza: Innaa lillahi. Allah amlaze pema. Jamani juzi si katusomea bei ya karafuu! Mmoja kaandika kwamba alimwona wiki iliyopita, na alimwona ana nuru.

Sisi hatukujua chochote. Mimi nilikuwa barazani nakata vitunguu na kulalamika. Nikamwona jirani yetu wa mlango wa pili anakuja mbio, kanga kichwani imekaa upande, mkononi kabeba sufuria kubwa, lile la shughuli. Nyuma yake wanawake wengine, mmoja na kifurushi cha sukari, mmoja na jamvi limekunjwa begani.

"Makiwa, mwanangu," akanipa pole ya msiba, akanikumbatia pamoja na kisu.

"Makiwa ya nani?"

"Kashikwa na mshtuko huyu," akawaambia wenzake. "Mpeni maji."

Wakaingia ndani. Mama ndiyo kwanza anatoka chumbani kusali, kavaa shela, wakamwangukia. "Makiwa, shoga yangu! Makiwa!" Na mama, masikini, alivyochanganyikiwa, akajibu, "Marahaba," kama kaamkiwa.

Basi wakalia. Kilio cha Jang'ombe si cha mchezo, kinaanzia juu. Nje wanaume wameshajaa barazani, wananiuliza mimi, maziko saa ngapi, alasiri au magharibi, na nani kaenda kununua sanda. Mzee mmoja akaniambia, "Wewe mtoto, leo usifanye mzaha." Wallahi kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nimefanya kitu.

Hapo ndipo dada akatoka jikoni kuangalia kelele. Kichwa kafunga kitambaa, na unga mtupu: mikononi, shingoni, usoni mpaka kwenye nyusi. Kasimama mlangoni, mweupe kama chaki.

"Shikamooni," akasema.

Jirani aliangusha sufuria. Lilibiringika mpaka uani na hakuna aliyelifuata. Wa jamvi alipita dirishani, na lile dirisha mimi mwenyewe siku hizi sipiti. Bibi peke yake hakuinuka kitini. Alimtazama dada juu mpaka chini, akasema, "Maiti hasalimii. Nenda kanawe."

Walipokwisha kuhakikisha, kwa kumfinya, ndipo simu zikatoka na tangazo likasomwa. Likasomwa tena. Dada alilichukua mwenyewe, akalisoma taratibu huku unga unamdondoka juu ya kioo, na mimi nikajua anachotazama. Alikuwa anahariri.

"Sijapumzika," akasema. "Nimepumzishwa. Hata tangazo la kunifukuza wamelikosea."

Basi watu wakacheka. Machozi yale yale yaliyotoka kwa msiba yakaendelea kutoka kwa kicheko, ilikuwa hasara kuyarudisha. Sukari ikatiwa kwenye chai, jamvi likatandikwa, ikawa kama shughuli. Mzee wa barazani akasema yeye keshafika, haondoki bila kula. Dada akapita na sinia ya vikombe, mtu anamtania, "Marehemu, niongeze sukari."

Na katikati ya hapo, simu ya jirani, ambayo ilikuwa bado iko kwenye ule ukurasa, ikasema:

"Assalaam alaykum. Karibuni katika habari."

Sauti ya dada. Ile ile, na ule mvuto wa pumzi kabla ya "karibuni" ambao tunaujua kwa sababu ana pengo la jino. Wote tukamgeukia, tukamtazama mdomo. Ulikuwa umefumbwa. Mikono imeshika sinia. Na sauti inaendelea kusoma, habari za siku ile ile, mkutano uliofanyika asubuhi ile wakati dada yuko sokoni ananunua unga.

"Waziri wa Feza," ikasema sauti ya dada, "amesema nyumba hizo zina samani kubwa."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilitaka, kwa sababu samani ni makochi na makabati, na waziri alikuwa anazungumzia thamani. Lakini nilimwona bibi. Bibi alikuwa kafumba macho kama kawaida yake anapomsikiliza dada, kisha akayafumbua, na mkono umekwenda mdomoni kama mtu aliyekanyagwa.

"Feza?" akasema. "Mimi nimekufundisha feza?"

"Si mimi, bibi."

"Nakusikia, wee!"

"Si mimi. Ni mashine. Ndiyo yale maneno waliyonisomesha. Bata, beba, bibi." Akaweka sinia chini. "Wamechukua sauti, wameitia humo. Sasa inasoma yenyewe."

Hii ndiyo iliyonikaa kooni mpaka leo. Kumfukuza mtu, tumezoea, dunia imejaa wafukuzaji. Lakini kumwambia mtu kazi hakuna, nenda kapumzike, kisha ukabaki na koo lake linakufanyia kazi ile ile, bila ya chai, bila ya likizo, na unalitia makosa ambayo mwenyewe hangeyafanya hata usingizini? Dada alichimbishwa kaburi lake mwenyewe, na akachekeshwa huku anachimba. Mwalimu, nimepata mfano mwengine.

Watu walipoondoka bibi akasema neno moja, na ndilo tulilolifuata. "Kazi ni riziki, itakuja nyengine. Sauti nataka irudi."

Jumamosi tukaenda, bibi, dada na mimi. Mimi sikualikwa, nilibeba mkoba wa bibi na mtu aliyebeba mkoba wa bibi hafukuzwi. Kwenye duka la vitambaa pale chini, mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye dada hununua kwake mitandio, alikuwa mlangoni anapangusa vumbi. Akamwona dada, ufagio wa manyoya ukabaki hewani.

"Lo! Wewe si umekufa?"

"Hapana, baba. Nimefukuzwa."

"Afadhali! Mie jana nshafunga duka mapema kwa ajili yako. Nshavaa na kanzu nyeupe ya mkwe wangu." Akatazama juu, kwenye madirisha ya kituo. "Lakini asubuhi hii nimekusikia unasoma."

"Si mimi."

"Nikajiuliza. Nikasema, huyu binti leo ulimi una nini?"

Tukapanda. Bibi alisimama mara kadhaa kwenye zile ngazi, na kila akisimama anaongeza neno analokwenda kusema. Juu, meza zilikuwa tupu, visikizio vinaning'inia kwenye misumari kama vimenyongwa. Meneja ni kijana, suruali imembana, harufu nzuri. Adabu anazo, hilo simnyimi. Alisimama akampa bibi kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe sauti ya mjukuu wangu."

Meneja akatabasamu. "Bibi, kwanza tunaomba radhi kwa lile tangazo, tumeshaliondoa. Ilikuwa ni hitilafu."

"Hilo la kufa nimesamehe, kila mtu atakufa. Nipe sauti."

"Ile si sauti yake, bibi. Ile ni mali ya kituo."

"Mali? Mmeinunua duka gani?"

"Aliirekodi mwenyewe, kwa ridhaa yake, saa za kazi."

"Na mate aliyomeza humo ndani saa za kazi, nayo mali yenu?"

Mimi nikacheka. Dada akanikanyaga. Kisha akasema yeye, kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu alizungumza kama bado anataka aonekane mfanyakazi mzuri.

"Uliniambia ni kumbukumbu ya ofisi."

"Na ni kumbukumbu," akasema meneja. "Tunakukumbuka kila siku."

Wallahi alisema hivyo. Na hakusema kwa kejeli, ndilo baya lenyewe. Alisema kama anatoa zawadi.

"Basi angalau isomeni sawa," dada akasema. "Mtaani wanadhani ni mimi. Inasema feza. Inasema zambi. Jana imesema samani."

"Dada yangu, watu wanasikiliza huku wanapika. Nani anajali dhe na ze?"

Bibi akainuka kitini. Nikadhani atamtoa ulimi kijana wa watu. Hakufanya kitu. Alivuta ushungi wake mbele, akasema, "Twendeni. Huyu haumwi." Kwa bibi, mtu asiyeumwa na kitu ndiye mgonjwa mwenyewe.

Tulipokuwa tunatoka, mlango wa kile kijichumba cha sponji ukafunguka, akatoka kijana wa michezo, anajishika koo. Alimfurahia dada kwelikweli.

"Umerudi! Ile tangawizi yako huna? Koo lanikereketa. Siku ya tatu hii wananisomesha maneno. Baba, bata..."

"Beba, bibi," dada akamalizia.

"Ee! Unayajua!"

"Kaka, unachimbishwa kaburi."

"Aa, mie wamenambia nna mkataba mpya." Akacheka. Hata kicheko chake kilikuwa kimekauka, bila shaka alikwisha chekeshwa asubuhi.

Dada akafungua mkoba, akatoa kipande cha tangawizi kilichokauka, akampa.

Basi adabu ikawa imeshindwa, na adabu ikishindwa nyumbani kwetu nabaki mimi. Jioni ile sauti ya dada ikasoma habari tena. Mama akazima, lakini inasikika kwa jirani, kwa muuza urojo, kila mahali, na kila "feza" bibi anashtuka kama anadungwa. Watoto wa chuo wakaanza kuiga: "Bibi, mbona dada anasema zambi?" Na kuna mama mmoja, simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe chuo cha pale barazani nacho si kitu. Bibi tangu siku ile hakukaa barazani tena.

Mimi nikachukua simu. Chini ya habari nikaandika neno moja: "Makiwa."

Asubuhi, habari nyengine, nikaandika tena: "Makiwa. Marehemu leo kasoma vizuri." Nikawapelekea wenzangu wa darasani. Wenzangu ni watu wa kheri, hawaulizi kwa nini, wanauliza wapi. Kufika adhuhuri, chini ya habari za karafuu hakuna aliyekuwa akizungumzia karafuu.

"Poleni wafiwa. Mbona maiti anafanya kazi Jumapili?"

"Kumbe ahera kuna bando!"

"Marehemu mwenyewe alifundishwa maneno, hiki ni kiwewe cha kaburi, feza ndiyo nini?"

Hilo la mwisho ni la jirani wa sufuria. Sikumfundisha, aliingia mwenyewe, na baada yake wakaingia wale wote walioliangusha chozi Ijumaa na kuona limetumika bure. Mtaa mzima ulikuwa umekuja kwenye msiba, na mtaa mzima ukaamua kuumaliza. Kila habari ikitoka, makiwa. Taarifa ya mvua, makiwa. Mzee wa barazani, ambaye hajui kuandika kwenye simu, alikuwa akija kwetu ananyoosha simu yake: "Hebu niandikie na mimi."

Dada alijua. Hakunikataza. Alinisahihisha tu, siku moja nilipoandika "mazishi" akaniambia sisi tunasema maziko.

Kilichowafika ni Bwejuu. Kuna hoteli kule iliyokuwa ikitangaza kwenye kituo, na tangazo lake sasa likasomwa na ile mashine, kwa ile sauti ya dada aliyoambiwa aitoe kama anauza kitu. Tulilisikia pamoja, tumekaa na ndizi za kukaanga:

"Umechoka? Njoo Bwejuu, upumzike. Bwejuu, pumziko lako la mwisho wa wiki."

Mama ndizi ikamkwama. Bibi akasema, "Astaghfirullah." Mimi sikuwa na haja ya kuandika chochote, watu waliniwahi. "Jamani marehemu anatuita!" "Mie siendi, nna watoto wadogo." "Pumziko la mwisho wa wiki au la mwisho moja kwa moja? Tufahamishwe tubebe sanda."

Mwenye hoteli alikuja mwenyewe Mji Mkongwe. Hayo alitwambia mzee wa duka la vitambaa, dada alipopita kununua uzi, na alitwambia kwa raha ya mtu aliyesikia kila kitu kupitia dari. Alisema yule bwana alipanda ngazi mbili mbili na neno alilolirudia huko juu ni moja: maiti, maiti, maiti. Tangazo likaondolewa. Siku iliyofuata sauti ya dada haikusikika. Wala iliyofuata.

Bibi akarudi barazani. Akawaambia watoto, "Haya, ulimi nje." Hakunishukuru, alinipa paja la kuku siku ile, na kwetu paja lina wenyewe.

Ningependa kuandika kwamba na kazi ilirudi. Haikurudi. Dada amezunguka vituo vyote unavyovijua, na kila mlango anaambiwa maneno yale yale, wanajipanga upya. Kisiwa kizima kinajipanga upya, sijui kikimaliza kitakuwa kimekaa vipi. Kituo kimoja kilimfurahia sana. Wakamwambia hawana nafasi ya msomaji, lakini kama atapenda kuja siku chache, asome maneno fulani fulani, ya kumbukumbu. Aliwauliza kama yanaanza na baba, bata. Wakasema, umejuaje?

Sasa asubuhi anakaa na bibi barazani, anamsaidia na watoto wadogo. Buibui la kazini bado limekunjwa juu ya kile kiti. Hakuna anayelihamisha, tukifagia tunainua kiti na buibui lake, tunafagia, tunarudisha.

Juzi tulikuwa hapo hapo, watoto wamekwisha kwenda zao, jirani kaja na simu yake. Ikasema, "Assalaam alaykum. Karibuni katika habari." Sauti ya kiume, changamfu, iliyozoea kupiga kelele za magoli. Ikasoma juu ya bandari, kisha ikasema, "Waziri wa Feza."

Dada alikuwa anamsokota bibi nywele. Mikono ikasimama.

"Ile tangawizi hata hakuimaliza," akasema.

Bibi akageuza shingo, na msokoto nusu. "Huyo mtoto wa nani?"

"Wa Makunduchi, nadhani. Mama yake analima mwani."

"Basi mama yake anamsikia hivi sasa."

Jirani akataka kuzima, bibi akamzuia. Akaniashiria mimi kwa kidevu, kama anavyowaashiria watoto wa chuo zamu yao ikifika. Nikachukua simu, nikashuka mpaka chini ya ile habari, pahala pa kuandika. Palikuwa patupu bado, sisi ndio wa kwanza kufika.